Bwana Nguruwe wa Nettlefield

Ukiingia mahakama ya Nettlefield utaiona picha ya Jaji Zenas Tuttle ukutani, uso ameukunja kama mtu aliyefika mezani akakuta supu imekwisha. Mkono wa kushoto ameuingiza ndani ya koti, katikati ya vifungo. Wageni kutoka Boston husimama chini yake wakanong'onezana kwamba hiyo ndiyo staha ya wakubwa wa zamani, kwamba hata majenerali walichorwa hivyo. Staha gani! Mzee alikuwa anaficha kidole. Nusu kidole, tuseme, maana nusu ya pili iliishia tumboni mwa nguruwe mchana kweupe, na mji mzima ulikuwepo ukitazama.

Siku hizo hakuwa jaji wala nani. Alikuwa wakili kijana, mtoto wa fundi mapipa, aliyejifunza sheria kwa kufagia ofisi ya wakili mwingine na kusoma vitabu vyake akishamaliza kufagia. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni Boston. Kila mwezi wa Mei mji wetu humchagua mtu mmoja wa kutuwakilisha kwenye bunge la jimbo kule Boston, na Zenas aliitaka nafasi hiyo kwa roho yake yote. Alikwishashona koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Alikwishaandika hotuba pia, na kila jioni alimsomea mkewe akiwa jikoni anakanda mkate.

Mke mwenyewe aliitwa Submit. Wazazi wake walimpa jina hilo kanisani, maana yake Nyenyekea, na kama kuna jina lililowahi kukosea nyumba ni lile. Walikuwa wamefunga ndoa Januari, theluji ikiwa magotini.

"Hiyo 'enyi wananchi watukufu' umeitaja mara ngapi?" Submit aliuliza, mikono imejaa unga.

"Ndivyo hotuba zinavyokwenda, mke wangu."

"Mimi nikitia chumvi kwa mtindo huo, mkate wangu hata mbwa ataususa."

Sasa, mlango wa Boston ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikaa mfukoni mwa Mzee Obadiah Lathrop. Kinu cha kusagia kilikuwa chake. Nusu ya mashamba yalikuwa yake, na nusu iliyobaki ilipita mbele ya kinu chake ikiwa na gunia begani. Lathrop akikohoa, watu wa Nettlefield walishika vifua. Na Lathrop alimpenda Zenas, tangu ile kesi ya maksai.

Kesi ilikuwa hivi. Asahel Doane, mkulima mcheshi asiyejua kufunga mdomo, alikuwa na maksai wawili wekundu, wanyama wazuri mno, na siku moja ya baridi alikaa baani akilalamika kwamba wamemgomea njiani. Akasema kwa sauti, "Wavivu hawa! Atakayeninunulia kikombe kimoja cha bia moto awachukue, na shukrani juu!" Baa nzima ikacheka. Lathrop hakucheka. Alimwita mwenye baa, akaagiza bia na ramu, ikakorogwa kwa kile chuma chekundu cha kutoka motoni mpaka ikatoa povu, akamsogezea Asahel. Asahel akanywa yote, akajipangusa ndevu na kusema ahsante. Kesho yake watumishi wa Lathrop wakaja na kamba.

Mahakamani, Zenas alisimama upande wa Lathrop. Ilikuwa kesi yake kubwa ya kwanza, na alivuma kwa sentensi moja tu: "Neno likishatoka mdomoni limetoka, na sheria haiulizi kama msemaji alikuwa anacheka." Jaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lathrop akaondoka na maksai, Asahel akarudi nyumbani na ladha ya bia. Majira ya baridi yaliyofuata alivuta magogo kwa mabega yake mwenyewe, akapata kichomi, akafa. Hakuna anayesema ukosefu wa maksai ndio uliomuua. Ila maksai walikuwa wawili, na yeye alikuwa mmoja.

Aliacha mke, Keziah. Mashamba yake yalirudi kuwa majani kwa kukosa wa kuyalima, akabaki na bustani nyuma ya nyumba. Viazi, njegere, kabichi, maboga. Kilichotoka pale ndicho alichokula mpaka theluji iyeyuke tena, na kisipotoka, basi.

Sasa tuje kwenye mkutano wa mji, mwezi wa Machi, ndani ya nyumba ya mikutano, ileile tunamosalia Jumapili. Siku hiyo huchaguliwa kila mwenye cheo, kuanzia wazee wa mji mpaka mkaguzi wa ua. Na kuna cheo kimoja ambacho kila mwaka huwasubiri maharusi: Msimamizi wa Nguruwe. Sheria ya mji inasema kwamba kuanzia Aprili kila nguruwe anayezurura lazima awe na nira ya mbao shingoni asipenye kwenye ua, na pete ya chuma puani asifukue ardhi. Mwenyewe asipomvisha, Msimamizi atamvisha kwa mikono yake. Hiyo ndiyo sheria. Mila yenyewe ni nyingine kabisa: bwana harusi mpya huchaguliwa kwa kelele, huapa, hununulia watu ramu, na tangu hapo hakuna nguruwe anayemwona.

"Msimamizi wa Nguruwe, nani?" aliuliza mwenyekiti, tayari anacheka.

"Tuttle!" watu wakapiga kelele. "Bwana harusi! Atoke aonekane!"

"Ana mikono laini, nguruwe watampenda!"

Zenas alijua namna ya kupendwa na umati. Alipanda mbele, akainua mkono, akatoa ile sauti yake nzito ya mahakamani. "Naapa mbele ya Mwenyezi Mungu kuzilinda bustani za Nettlefield dhidi ya pua zote, kubwa kwa ndogo, za matajiri na za maskini, bila hofu wala upendeleo!" Watu walianguka kwenye mabenchi kwa kicheko. Mzee Lathrop mwenyewe alitoa leso akafuta machozi. Walipotoka alimshika Zenas bega.

"Safi sana, Bwana Nguruwe. Mwezi wa Mei nitasimama nilitaje jina lako. Anza kufunga mizigo."

Zenas alirudi nyumbani akitembea juu ya theluji kama hana miguu. Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbuka usaha, lakini nani anakumbuka wahenga akishaahidiwa Boston?

Aprili haijafika katikati, mlango wa ofisi ukabishwa. Aliingia Keziah Doane, mwanamke mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti hata siku ya moto.

"Karibu, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nguruwe ameingia bustanini kwangu."

"Aa, pole sana. Nguruwe wa nani?"

"Unamjua."

Alimjua. Mji mzima ulimjua. Lathrop alikuwa na jike la nguruwe refu kama kitanda, jeupe lenye doa jeusi juu ya jicho, akaliita Malkia. Mfalme wa Uingereza tulikwishampiga vita tukamtoa, lakini Malkia tulibaki naye, mwenye miguu minne, na alikwenda alikotaka. Hakuwa na pete wala nira. Amewahi kulala kwenye ngazi za kanisa mchungaji akamruka kwa heshima.

Zenas alikohoa. "Bi Keziah, ile kazi... unajua mwenyewe. Ni utani wa maharusi tu. Kila mtu anajua."

"Uliapa?"

"Niliapa, lakini—"

"Ulikuwa unacheka?"

"Kila mtu alikuwa anacheka!"

"Basi," alisema Keziah. "Neno likishatoka mdomoni limetoka, na sheria haiulizi kama msemaji alikuwa anacheka. Nilikaa benchi la pili siku ile, wakili. Ulisema vizuri sana."

Akatoka, akaufunga mlango polepole. Zenas alibaki ameshika kalamu, wino unadondokea karatasi ya mteja.

Jioni alikwenda kwa Lathrop. Alimkuta mezani na nyama ya kuchemsha, kidevu kinang'aa mafuta.

"Mzee, ni jambo dogo. Pete tu. Nitamleta mhunzi mwenyewe, Malkia hatasikia hata maumivu."

"Malkia hajawahi kuvaa pete, wala hatavaa."

"Ni sheria ya mji, mzee."

"Sheria hiyo niliiandika mimi," alisema Lathrop, akikata kipande kingine. "Niliiandika kwa ajili ya nguruwe wa wengine." Alitafuna mpaka akameza. "Mwanangu, sikiliza. Boston ni mbali. Bila mimi ni mbali zaidi. Shemasi Pruitt naye ana koti zuri, umeliona? La kahawia. Anaweza kulivaa hata kesho."

Zenas akasema ndiyo mzee, nimekuelewa mzee, na akaaga akirudi nyumanyuma. Njia nzima alijitukana. Alipomweleza mkewe, Submit aliweka mwiko chini.

"Pete? Unataka kumvisha pete?"

"Ya puani, Submit."

"Hata kama ni ya mkiani! Mimi nimeolewa Januari, kidole kitupu, nikaambiwa kwetu hatuvishani pete, wazee walisema ni mambo ya Papa wa Roma. Nikanyamaza. Leo nasikia kuna pete, na inakwenda kwa nguruwe wa Lathrop!"

"Haiendi! Ndilo tatizo lenyewe, haiendi!"

Submit alimtazama, mzaha ukamtoka usoni. "Zenas, unaogopa nguruwe au mwenye nguruwe?"

"Wote wawili," alisema Zenas, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Basi akaanza kutapatapa. Kwanza alipekua vitabu kutafuta kifungu kinachosema nguruwe wa tajiri si nguruwe. Hakukipata, akashangaa, maana vifungu vingine vyote vya kumfaa tajiri vilikuwamo. Halafu akaamua kumjengea mjane ua mpya. Kwa nini nguruwe azuiliwe, wakati bustani inaweza kuzuia? Alivua koti, akabeba mbao, akapigilia misumari, mingine kwenye mbao na mingine kwenye kucha zake. Keziah alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Huo ni ua, wakili, au ni salamu?"

"Ni ua, mama. Imara kabisa."

Malkia alifika alasiri. Hakuruka wala hakuchimba. Aliegemea tu, kama mtu anayepumzika, na kazi yote ya Zenas ikalala chini taratibu. Akapita juu yake akala njegere zote zilizochipua, mstari baada ya mstari, kwa utulivu wa mtu aliye kwake. Zenas alimpigia kelele na kumtupia nyundo. Nyundo ilikwenda kwenye dirisha la mjane.

Walipanda njegere upya, Zenas akiwa amepiga magoti kwenye tope. Malkia alizila tena. Kila alipokutana na Keziah, sokoni au kanisani, mjane hakumtukana wala hakumlaani. Alisema neno moja tu, "Uliapa," akapita. Zenas alianza kupita vichochoroni kama mwizi wa kuku.

Ikafika siku ya uchaguzi. Huku kwetu siku ile ni sikukuu kubwa kuliko Krismasi, ambayo hata hatuisherehekei. Wanawake hupanga meza nje ya nyumba ya mikutano, keki ya uchaguzi yenye zabibu na ramu, kubwa kama gurudumu. Ndani wanaume hupiga kura kwa desturi ya wazee: kofia inazungushwa, na kila mmoja anatumbukiza ama punje ya hindi ama harage. Hindi ni ndiyo. Harage ni hapana.

Lathrop alisimama wa kwanza. "Nampendekeza Wakili Tuttle. Kijana anayejua kushika neno." Miguno ya kukubali ilizunguka mabenchi. Zenas, ndani ya koti la buluu, alipanda mbele akafungua karatasi yake, na moyo ukamjaa. Boston aliiona kabisa, iko pale mwisho wa ukumbi, juu ya vichwa vya watu.

"Enyi wananchi watukufu! Taifa letu changa limesimama juu ya nini? Juu ya dhahabu? La! Juu ya majeshi? La! Limesimama juu ya neno la mtu—"

Mlango ukafunguka. Keziah Doane alikuwa amesimama kizingitini, tope mpaka magotini, aproni ameikusanya mbele kama mtu aliyebeba mayai. Alitembea mpaka kwenye meza ya mwenyekiti akaimwaga: miche ya kabichi iliyotafunwa, mashina ya maboga, vipande vya viazi vya mbegu vyenye alama za meno.

"Bi Keziah," alisema mwenyekiti, "mama, unajua mwanamke hazungumzi kwenye mkutano huu."

"Sizungumzi, naripoti. Bustani imekwisha yote, na mbegu pia. Nguruwe yuko nje hapo makaburini, anakula majani juu ya kaburi la mume wangu. Namtaka Msimamizi wa Nguruwe."

Kicheko kilipasua nyumba. "Bwana Nguruwe! Unaitwa kazini!" Lathrop alicheka kuliko wote, akimpungia mjane mkono. "Kaa chini, mama, usituharibie siku. Kazi ile ni ya mzaha, hata mtoto anajua. Wakili, endelea!"

Zenas aliinamisha macho kwenye karatasi atafute alipoishia. Mstari uliofuata, kwa mwandiko wake mwenyewe, ulikuwa ule: neno likishatoka mdomoni limetoka. Aliutia humo kwa kujivunia, kwa kuwa ndio uliomjengea jina. Alifungua mdomo ausome. Haukusomeka. Keziah alikuwa anamtazama tu, bila hata kumhimiza, na juu ya meza miche ilikuwa inadondosha udongo.

Aliona aibu. Haikuwa ile ya kuchekwa, hiyo mwanasiasa huzoea mapema kama farasi anavyozoea nzi. Hii ilikuwa ya kazi yake mwenyewe. Alimkumbuka Asahel akijipangusa povu kwenye ndevu na kusema ahsante kwa mtu anayemwibia, na baadaye yeye Zenas akiwa amesimama mahakamani, amependeza, akieleza kwa nini ni halali. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Yeye alikuwa amekata mbele tu, na kulipwa kwa hilo.

Akaikunja karatasi. "Mwenyekiti, naomba ruhusa kidogo. Nina kazi ya mji."

Kicheko kilikatika. Lathrop aliinuka polepole. "Zenas. Ukivuka mlango huo, umeuvuka."

"Najua, mzee," alisema Zenas, na sauti yake haikuwa nzito hata kidogo.

Kwenye benchi la mwisho Enos mhunzi, mtu mnene asiyesema sana, aliingiza mkono mfukoni akatoa pete ya chuma na koleo. "Nimetembea nayo tangu Aprili," alimwambia. "Nilianza kukata tamaa na wewe."

Ukumbi mzima ulimfuata nje. Nani abaki ndani na kofia? Malkia alikuwa katikati ya makaburi, ametafuna majani ya marehemu watatu, akainua kichwa akamtazama Zenas kwa lile jicho lenye doa. Zenas alimsogelea kama anavyomsogelea shahidi mgumu, kwa upole, kidogo kidogo, mkono mmoja mbele.

"Tulia, bibie. Ni jambo dogo tu."

Bibie alimpitia katikati ya miguu. Zenas akajikuta amempanda, uso umeelekea mkiani, mikono imeshika mkia ambao haukuwa na pa kushika. Walizunguka nyumba ya mikutano yote, wakapita chini ya meza ya wanawake, na keki ya uchaguzi ikaondoka nao. Mji ulipiga mbinja. "Mpeleke Boston, Bwana Nguruwe! Safari imeanza!" "Mkuki kwa nguruwe mtamu, wakili, kwa binadamu je?" Koti la buluu lilichanika mgongoni kuanzia kola mpaka chini, na vifungo vya shaba vikabaki njiani kimoja kimoja.

"Mshike sikio!" alipiga kelele Enos.

"Lipi?"

"Lolote, mjinga wewe!"

Alishika moja. Malkia akaanguka ubavu, naye Zenas akaanguka chini yake, na huenda habari ya jaji wetu ingeishia hapo kama si Submit. Alitoka kwenye mabaki ya meza na makombo ya keki nyweleni, akapandisha sketi, akajitupa shingoni mwa nguruwe kwa uzito wake wote.

"Haya, mvishe!" alisema, pumzi zinamwisha. "Mvishe pete kama mke wa mtu!"

Zenas aliingiza mkono wa kushoto kushika pua. Ndipo lilipotokea lililotokea. Hakupiga kelele, watu walilisema hilo baadaye kwa heshima, ingawa Enos anasema ni kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa tope. Kwa mkono uliobaki alikaza koleo, pete ikaingia, ikafunga. Malkia akatoa ukelele ambao watu waliapa ulisikika Boston. Basi ndicho kitu pekee cha Zenas Tuttle kilichofika Boston mwaka ule.

Kwa sababu walirudi ndani wakapiga kura. Na tuseme ukweli: watu walewale waliomshangilia, waliombeba mabegani damu ikimchuruzika, walipofikiwa na kofia walimwangalia Lathrop, wakakumbuka kinu chake na gunia la ngano linalongoja nyumbani. Kofia ilipomwagwa mezani, maharage yalitosha kupikia mji mzima chakula cha jioni. Punje za mahindi zilikuwepo chache, kuku mmoja angezimaliza. Likatajwa jina la Shemasi Pruitt, na koti lake la kahawia likaenda Boston.

Zenas alikaa kwenye ngazi za nje, mkono umefungwa aproni ya mkewe. Alilia kidogo. Boston imekwenda, kidole kimekwenda, na koti pia. Submit alikaa kando yake akimtoa zabibu masikioni.

Keziah akaja akasimama mbele yao. Zenas aliketi vizuri. Alidhani anakuja kumshukuru, na kwa kweli alihitaji sana mtu wa kumshukuru.

"Pole na kidole," alisema Keziah.

"Ahsante, mama. Si kitu."

"Sikuja kushukuru. Hiyo ilikuwa kazi yako."

"Naam."

"Ardhi inataka kulimwa upya yote, tena kesho, la sivyo majira yamepita na sitavuna kitu. Plau ninayo. Nilikuwa na maksai pia."

Zenas aliangalia buti zake. Angeweza kusema mengi: kwamba kesi ilikwisha, kwamba hukumu ilitolewa, kwamba yeye alikuwa wakili tu. Maneno hayo yote alikuwa nayo tayari mdomoni, yamepangwa. Aliyameza.

"Nitakuja alfajiri," alisema.

Submit akapangusa mikono kwenye sketi. "Tutakuja. Walikuwa wawili, si ndiyo? Ila maksai kamili sikuahidi, mama. Maksai ni aliyehasiwa, na huyu wangu bado namhitaji mzima."

Kwa mara ya kwanza tangu Asahel azikwe, Keziah Doane alicheka. Alicheka vibaya, kama bawaba yenye kutu, mpaka akashika ukuta.

Kesho yake waliopita barabara ya kinu waliona kioja. Wakili Zenas Tuttle na mkewe, kila mmoja na kamba ya ngozi kifuani, wameinama mbele ya plau, miguu imezama kwenye udongo mweusi, na nyuma yao mjane ameshika mikono ya plau akitoa amri. "Kushoto! Kushoto nimesema, wakili, hiyo ni kulia! Haya, twende!" Damu ilikuwa imepenya kwenye aproni ya mkononi. Zenas alipumua kwa mdomo na hakusema enyi wananchi hata mara moja.

Mzee Lathrop alifika juu ya farasi, akasimama kwenye ule ua ulioanguka. Malkia alikuwa nyuma yake, ameinamisha pua, anaijaribu ardhi, anaumia, anaiacha.

"Wakili!" aliita Lathrop, akicheka. "Na hii nayo ni mzaha?"

Zenas alisimama ajibu. Keziah akaipiga kamba mgongoni mwake, si kwa ukali, kama apigwavyo mnyama mzuri anayetaka kuzubaa.

"Usiwasimamishe, Obadiah," alisema. "Hawa siwauzi, hata kwa pipa zima la bia."